Baiskeli za Avenyu Mikaratusi

Télesphore alipoanza kupiga kelele, Salwa alikuwa ameinama mlangoni pa duka, anafagia. Hakuyashika maneno. Alichosikia ni sauti ya mtu anayeshuka kwa kasi asiyoitaka. Akainua kichwa, na baiskeli ikampita mbele ya uso, bidoni mbili za maziwa zimefungwa ubavuni, mwenyewe anaburuta miguu chini kujaribu kuizuia, ndala moja imeshachomoka.

"Mutoke! Mutoke mu njia!"

Wasichana wa shule waliruka mtaroni. Maman Eulalie, aliyekuwa anavuka kutoka kwenye robine, bomba la mtaa, na ndoo ya maji kichwani, hakuweza kuruka. Alikuwa na miaka sitini na minne, na Avenyu Mikaratusi, inayoporomoka kutoka juu Bagira kuelekea ziwani, si mahali pa mtu wa umri huo kugeuka ghafla.

Walianguka pamoja, yeye na ndoo na baiskeli, na Télesphore juu yao. Bidoni moja ilipasuka. Mguu wa kulia wa maman Eulalie ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi. Wanaume wanne walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakambeba mbio hadi barabara kubwa kutafuta gari. Hakulia. Alikuwa anauliza tu ndoo yake iko wapi.

Télesphore alibaki amekaa chini, viwiko vinamtoka damu. "Freni imekatala," alikuwa anarudia. "Batu ya Mungu, freni imekatala." Kila mtu pale alimfahamu, kwa miaka sita alikuwa akitoka kijijini Miti kabla ya alfajiri kuwaletea maziwa. Hata hivyo mtu mmoja alimzaba kofi, na mwingine akamwita muuaji. Papa Apollinaire, shefu wa avenyu, akawatenganisha. Akaamuru baiskeli ifungiwe uani kwake mpaka mambo yajulikane.

Watu walipotawanyika, Salwa alitoka na ufagio kusukumia maziwa mtaroni kabla nzi hawajajaa. Ndipo alipokiona, katikati ya matope meupe: kipande cha raba nyeusi, kirefu kama kidole cha mwisho, kimebanduka chote kwenye chuma chake. Ilikuwa sabo ya freni, ile raba inayobana rimu ili gurudumu lisimame. Hakuhitaji kuigeuza mara mbili. Alikuwa ameiuza yeye mwenyewe, Jumamosi, akaipokelea pesa, akamwambia Télesphore asante na safari njema.

Alitazama huku na huku. Kisha akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, akaendelea kufagia.

Mumewe, Latifu, alirudi kutoka mjini saa sita. Habari ilikuwa imeshamfikia njiani. Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: minyororo imening'inia ukutani kama shanga, tairi zimepangwa hadi darini, na chini ya kaunta katoni moja ya sabo iliyobaki nusu. Salwa aliweka raba juu ya kaunta.

Latifu aliigeuza kwa kidole. "Umeipata wapi?"

"Njiani. Pale alipoanguka mama wa watu."

"Kuna mtu amekuona?"

"Latifu, hilo ndilo unaloniuliza?"

Alikaa kwenye benchi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwenda kununua bidhaa, akakuta katoni kwa nusu ya bei, akajiambia raba ni raba. Wiki mbili nyuma mteja mmoja wa Kabare alizirudisha zake, akasema ni ngumu kama jiwe na zinabanduka. Latifu alimbadilishia kimya kimya, akamwambia mkewe, "Hii katoni iishe kwanza, halafu tutarudi kwa zile za zamani." Na Salwa akaendelea kuuza. Hilo ndilo lililokuwa linamkaba sasa: hakudanganywa. Aliambiwa, akasikia, akauza.

"Sikiliza," Latifu alisema. "Mteremko ule ni mkali. Alikuwa na litre arobaini ubavuni mwa baiskeli. Asubuhi kulikuwa na umande. Nani anaweza kusema ni sabo peke yake?"

"Mimi naweza."

"Basi usiseme. Sisi ni watu wa Uvira hapa. Wakitaka kutupenda, ni majirani. Wakikasirika, tutakuwa wageni na duka litavunjwa mchana kweupe. Una watoto watatu, Salwa."

Latifu aliitoa ile katoni chini ya kaunta, akaisukuma kwa mguu mpaka nyuma kabisa, nyuma ya matairi. Salwa aliirudisha raba kwenye kitenge.

*

Siku ya tatu Salwa alijikaza, akapika uji wa mtama, akakaanga sambaza, dagaa wa ziwani, akaenda hospitali. Maman Eulalie alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa na jiwe la uzito, uso umekuwa mdogo. Pembeni alikaa binti yake, Fabiola, mwalimu wa shule ya msingi ya pale pale mtaani, na daftari mapajani.

"Karibu, maman Salwa," mgonjwa alisema. "Umejisumbua bure na hii njia yote."

"Si usumbufu, maman. Pole. Unaendeleaje?"

"Niko hapa. Banasema miezi tatu. Miye nawauliza, nani atanitekea maji miezi tatu? Hakuna mwenye anajibu."

Fabiola alifungua daftari. Kulikuwa na orodha ndefu ya majina na saini, na juu yake sentensi moja kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: baiskeli zisipite tena Avenyu Mikaratusi, za kushuka wala za kupanda, kwa sababu yoyote ile.

"Papa Apollinaire amekubali kuisoma," Fabiola alisema. "Nyumba themanini na mbili zimeshasinya. Nilijua mutasita, juu nyinyi muko nauza vitu ya kinga, hizi baiskeli. Sitakulazimisha."

Alisema bila ubaya, na hilo lilikuwa zito zaidi. Kalamu ilikuwa imeshanyooshwa. Salwa alimtazama mgonjwa, akautazama ule mguu. Alikuwa amekuja na maneno tayari, ameyapanga njia nzima: maman, nisamehe, ni sisi. Maneno hayakutoka. Badala yake mkono ndio uliotoka. Akasaini.

"Asanti," Fabiola alisema, akiwa ameshangaa kidogo. "Kumbe uko na roho."

Nje, kwenye ukuta wa hospitali, Télesphore alikuwa amechuchumaa, bandeji chafu kwenye viwiko, chupa ya maziwa miguuni. Aliposimama kumwamkia, Salwa aliona amevaa viatu viwili visivyofanana.

"Jambo, maman. Amekunywa uji?"

"Kidogo. Wewe huingii?"

"Mwalimu amekatala. Nililetea mama maziwa, akaniambia niende nayo." Aliisogeza ile chupa kwa ncha ya kiatu. "Iko na haki. Ni mama yake."

Télesphore akaendelea, kama mtu aliyekuwa anangojea yeyote wa kumsikiliza.

"Unaona, zile sabo nilizifunga miye mwenyewe. Sikupeleka kwa fundi. Papa Apollinaire ananiambia, hukukaza. Batu bote banasema, hukukaza. Nami sasa nikilala nasikia mukono yangu inakaza, inakaza, kisha nashindwa kujua. Nilikaza, ao sikukaza?"

"Ulikaza," Salwa alisema, kabla hajajizuia.

"Unajua je, maman?"

"Wewe ni mtu wa miaka mingi kwenye baiskeli. Mtu kama wewe hasahau."

Télesphore alitikisa kichwa polepole, kwa shukrani, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoiamini sana. Salwa alirudi nyumbani kwa miguu, akapita vituo viwili vya taksi bila kuviona.

*

Latifu alipojua kuwa mkewe amesaini, alicheka kicheko kikavu. "Basi umetuua kwa kalamu. Wengine hutumia panga."

Papa Apollinaire alifunga kamba ya nailoni juu ya mteremko, kutoka nguzo ya umeme hadi mkaratusi wa kwanza. Wenye baiskeli waliotoka Miti na Kavumu na mizigo yao ya makaa, ndizi na maziwa walifika pale, wakaitazama, wakageuza. Walilazimika kuzunguka kwa barabara kubwa, katikati ya malori. Walifika wamechelewa kwa saa mbili nzima, maziwa yamechachuka. Maman Marcelline, aliyekuwa anauza mashanza, yaani maziwa ya mgando, na chai ya maziwa karibu na robine, alikaa siku nne bila kuwasha jiko. Mwanamume mmoja wa makaa alisukumwa na lori hadi mtaroni. Hakuumia sana, ila gunia lake lilitapakaa na watu wakaokota.

Dukani hakuingia mtu. Siku ya sita Latifu alichukua pampu yake, akapanda hadi kwenye kamba. Akasimama upande wa huku, akiwapungia waliokuwa upande wa pili: "Upepo? Nani anataka upepo? Mnyororo?" Salwa alimwona kutoka mlangoni. Mumewe, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa lenye milango mitatu, anaita wateja kwa mkono kama mtu wa maandazi. Mtu mmoja alipitisha gurudumu chini ya kamba. Kabla Latifu hajalijaza, papa Apollinaire alitokea.

"Papa Latifu, hapana. Kamba ni kamba."

"Ni upepo tu, shefu."

"Hata upepo."

Latifu alimrudishia mtu gurudumu lake likiwa laini vile vile, akashuka na pampu kwapani, akitazama chini ili asiamkiane na mtu.

Papa Apollinaire naye hakuwa na raha. Alikuwa karani wa zamani wa ofisi ya ardhi, mtu wa kanuni, na kila asubuhi sasa watu walimgongea mlango: wenye mizigo wakilalamika, akina mama wakilalamika, na Fabiola akitaka kamba ibadilishwe kuwa mnyororo. Mwisho akatangaza mkutano. Jumapili, saa tisa, kwenye darasa la Fabiola. Kila nyumba mtu mmoja, na wenye kinga waje pia.

Jumamosi alasiri Salwa alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, uani. Latifu alikaa kwenye kizingiti.

"Kesho nitasema," Salwa alimwambia.

Latifu hakushtuka. Ni kama alikuwa anangojea. "Utasema nini?"

"Kwamba tuliuza. Kwamba tulijua."

"Hayo ya kujua nayo?"

"Nikisema nusu nitakuwa bado sijasema."

"Na wakivunja duka?"

"Duka limeshakufa, Latifu. Unapanda kuuza upepo." Aliona maneno yalivyompata, akapunguza sauti. "Yule Télesphore haelewi mikono yake tena. Amenihadithia kama mtu anayeungama, na mimi ndiye nimebeba dhambi yake hapa kwenye kitenge. Siku kumi na moja. Ukitaka niache, niambie unazuia. Lakini uniambie ukinitazama."

Latifu alimtazama. Kisha akainuka, akaingia ndani, na Salwa akasikia matairi yakisogezwa, moja baada ya jingine.

*

Darasa lilijaa. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Wenye baiskeli, kama kumi, walisimama nyuma, kofia mikononi. Télesphore alikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango. Papa Apollinaire alikuwa amevaa koti. Alishika chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: VISION.

Kukawa na kicheko kidogo. Kila mtu alijua shefu alikwenda semina mara moja, akarudi na faili na neno hilo.

"Mucheke tu," alisema. "Lakini kule tulifundishwa kitu moja. Watu wakigombana juu ya njia, usiwaulize nani iko na makosa. Uwaulize wanataka kuona njia gani. Kila mutu aseme. Miye nitaandika. Hakuna kukatana mudomo."

Willy, motari wa pikipiki, alisimama wa kwanza. "Miye naona avenyu bila kinga kabisa. Kinga ni ya kijiji. Sisi ni ville."

"Na ile pikipiki, ile moto yako," maman Marcelline alimdakia, "njo imepiga mbuzi yangu mwezi wa kenda. Mbuzi nayo ilikuwa ya kijiji?"

Darasa likaangua kicheko, na papa Apollinaire akagonga ubao. Aliandika: bila kinga. Chini yake, kwa amri ya maman Marcelline, akaandika: maziwa kabla ya saa moja. Mzee mmoja alitaka njia ambayo mtu anaweza kuvuka bila kugeuza shingo kama kuku. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisema binti yake anasoma mbali, na angekuwa na kinga angefika bila kuchoka. Kwa nini hakuna msichana hata mmoja anayeendesha? Wengine walicheka. Salwa hakucheka. Kule Sange, kwenye tambarare alikozaliwa, aliendesha baiskeli ya kaka yake mpaka siku ya harusi, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Mwenye makaa mmoja alinyanyua mkono kule nyuma. "Sisi tunataka tupite tu. Mukisema tushuke chini tusukume, tutasukuma. Mukisema tungoje watoto baingie shule, tutangoja. Lakini barabara kubwa itatumaliza."

Fabiola alikuwa amesimama dirishani muda wote, mikono imefungwa kifuani. "Munaongea vizuri," alisema. "Mama yangu iko amefungwa jiwe kwa muguu. Nani atanihakikishia? Mutasukuma wiki moja, kisha mutu mumoja atakuwa na haraka. Tena mutu mwenye hajui hata kukaza freni yake."

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Télesphore aliinamisha chake. Aligeuza kofia yake mkononi mara moja, mara mbili, kisha akashika kitasa cha mlango.

"Usitoke," Salwa alisema.

Alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. Alifungua pindo la kitenge, akaishika ile raba juu ili waione.

"Alikaza. Hii ndiyo sabo yake, niliiokota siku ile ile. Angalieni. Haikulegea, imebanduka kwenye chuma chake. Hata angekaza kwa mashine ingebanduka. Sisi ndio tuliomuuzia. Mimi, kwa mkono huu." Akamgeukia Fabiola. "Na tulijua ni mbaya. Mtu aliturudishia kabla. Tulijua, tukaendelea kuuza."

Nje kulikuwa na watoto wakicheza mpira wa makaratasi, na kelele zao zikaingia zote ndani.

Télesphore ndiye aliyesogea kwanza. Alipita katikati ya madawati, watu wakampisha, akanyoosha mkono. Salwa akampa. Aliigeuza mwangani, akapitisha kidole gumba pale raba ilipoachana na chuma, mahali palaini pasipokuwa na hata alama ya gundi.

"Basi nilikaza," alisema.

Hakuonekana na hasira. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo, na machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya watu wote, mwanamume wa miaka arobaini. "Muliona? Nilikaza."

Hasira ilikuwa kwa Fabiola. "Ulikuja hospitali," alimwambia Salwa, polepole. "Ulimuletea mama yangu sambaza. Ulisinya karatasi yangu."

"Ndiyo."

"Ukiwa na hiyo kitu kwa kitenge yako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Iko ya kutisha. Ile siku nilikushukuru."

Mtu mmoja alipiga kelele kwamba duka lifungwe. Mwingine akasema wapelekwe polisi. Willy akasema watu wa Uvira ndivyo walivyo, na papa Apollinaire akamwambia akae chini au atoke. Ndipo mlango ulipofunguka. Latifu alisimama pale na katoni mikononi. Alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, amesikia yote.

Alipita mpaka mbele, akaiweka katoni juu ya meza ya mwalimu. "Zilizobaki ni hizi," alisema. "Mke wangu amesema kuuza. Kununua nilinunua mimi, na kumwambia auze nilimwambia mimi. Nilizoziuza, nawajua wote walionunua. Ni watu kumi na tisa. Wengine wako nyuma pale. Leo jioni wanipe baiskeli zao, nitabadilisha sabo zote. Na dawa za mama, tangu siku ya kwanza hadi atakapotembea, ni zangu. Sina la kusema zaidi. Mkitaka duka nifunge, nitafunga."

Nyuma, mwenye makaa mmoja alikuwa ameshainama kutazama magurudumu ya baiskeli yake kupitia mlango ulio wazi.

Walizungumza mpaka jua likashuka kwenye vilima vya Kabare. Hawakukubaliana kwa yote. Lakini kile kilichokuwa ubaoni kiliendelea kurefuka, na maneno "bila kinga" yalifutwa na Willy mwenyewe, kwa sababu alitaka nafasi ya kuandika kwamba motari nao wapunguze mwendo kwenye robine, maana maman Marcelline hakumwachia nafasi ya kupumua. Kutoka mkaratusi wa kwanza hadi robine, kila mwenye baiskeli atashuka na kusukuma, awe na mzigo au hana. Saa ya watoto kuingia shule na saa ya kutoka, hakuna baiskeli kuteremka kabisa. Juu ya mteremko patakuwa na mtu wa kukagua freni kila asubuhi, bila malipo, na mtu huyo atakuwa Latifu. Akikosa yeye, mkewe. Wasichana wa darasa la sita watafundishwa kuendesha kwenye uwanja wa shule siku za Jumamosi, anayetaka.

"Nani atafundisha?" papa Apollinaire aliuliza.

Salwa akainua mkono nusu, kama mwanafunzi ambaye hana hakika na jibu. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyepiga makofi.

Ikabidi mtu aandike yote kwa usafi, yabandikwe kwenye mkaratusi. Watu wakamtazama Fabiola kwa sababu ya mwandiko wake. Alitoka dirishani. Kisha akachukua karatasi, akaandika kila sharti mpaka la mwisho. Alipomaliza, alipitisha karatasi watu wasaini. Ilipofika zamu ya Salwa, hakumpa kalamu mkononi. Aliiweka juu ya dawati, akageukia dirisha.

*

Maman Eulalie alirudi nyumbani mwezi wa nne, na magongo mawili. Salwa alimpelekea maji kila asubuhi, ndoo mbili, akaziacha mlangoni. Hakualikwa ndani. Alisikia tu sauti kutoka chumbani, "Nani?" na akajibu, "Maji, maman," na hapo mazungumzo yakaisha.

Asubuhi alikuwa juu ya mteremko na Latifu, wakikagua. Mwanzoni wenye mizigo walisogeza baiskeli zao kwa mashaka, wakitazama mikono ya Latifu kama watu wanaotazama mikono ya mcheza karata. Baadhi hawakununua tena kwake chochote. Baadhi walirudi. Mmoja aliteremka akiwa juu ya baiskeli, siku ya pili tu, na wenzake wenyewe ndio waliomzuia kwenye robine na kumrudisha juu akaanze upya kwa miguu.

Ilikuwa Jumapili ya Pasaka maman Eulalie alipotaka kwenda misa. Kanisa lilikuwa juu. Magongo hayawezi mteremko ule, na Willy alipomkalisha kwenye pikipiki, mguu haukukunjika, akapiga kelele wakamshusha. Fabiola alikuwa anasema basi, mama, mwaka huu utasali nyumbani. Télesphore alikuwa anapandisha baiskeli yake tupu. Maziwa alikuwa ameshayauza. Alisimama mbali kidogo, akavua kofia.

"Maman, ukikubali, nitakusukuma nayo. Nyuma kuna kiti, nitaweka kitenge."

"Hapana," Fabiola alisema.

Lakini mama yake alikuwa anaitazama ile baiskeli. Aliitazama kutoka usukani hadi gurudumu la nyuma, bila haraka, kama mtu anayemtazama ng'ombe sokoni. "Njo ile ile?"

"Njo ile ile, maman."

"Unikalishe."

Walimkalisha, mguu umenyooshwa mbele, gongo moja mapajani. Télesphore alishika usukani, Fabiola akashika upande wa kushoto, uso umekunjamana. Upande wa kulia ulibaki wazi, na baiskeli ikaegemea huko. Salwa alikuwa amesimama mlangoni pa duka, ndoo tupu mkononi. Maman Eulalie akageuza shingo.

"Weye unangoja nini? Kamata huku, nisianguke mara ya pili."

Salwa aliweka ndoo chini. Alishika chuma cha nyuma ya kiti kwa mikono miwili, akahisi uzito wa mama yule ukimwegemea begani. Walianza kupanda, hatua moja moja, wakipita watu waliovaa vizuri waliosimama kando kuwatazama. Katikati ya mteremko, pale panaposimama kama ukuta, maman Eulalie alisema ghafla, "Simama."

Télesphore akabana freni. Baiskeli ikasimama pale pale, haikurudi nyuma hata upana wa kidole. Wote wanne walibaki wanahema.

Maman Eulalie alitazama chini, ziwa lote limelala bila wimbi hadi ng'ambo. Alitazama kwa muda aliotaka.

"Haya," alisema. "Musukume."